Mtego wa picha nyuma ya kakao

Asubuhi baada ya mvua ya usiku, kabla watoto hawajaenda kuchota maji, toka nyuma ya shamba lako la kakao, tembea polepole pale miti uliyoipanda inapokutana na pori. Usitafute mnyama. Tazama chini. Majani makavu yamelala ovyo kila mahali, ila kuna sehemu moja, upana wa viganja viwili, ambapo yamekanyagwa mpaka yakawa meusi na laini. Hicho ni kijia. Inama zaidi. Pengine utakuta mzizi uliosuguliwa ukang'aa, au unywele mmoja umenasa kwenye gome la mti, chini kidogo ya goti lako. Mzee aliyenifundisha kusoma haya alitega vitanzi tangu ujana wake. Aliuchukua ule unywele kwa vidole viwili, akaunusa, akasema: huyu anapita usiku, na anapita peke yake.

Naanza na ardhi kabla ya kifaa kwa sababu kamera ya kutega, ile inayofungwa kwenye mti ikapiga picha yenyewe mnyama anapopita, ni kitanzi tu. Tofauti yake ni kwamba mnyama anaingia, anatoka, anaenda zake. Lakini mahali pa kuiweka, urefu wake, upande wa kuielekeza, yote hayo watu wa kwetu Mbau, karibu na Beni mashariki mwa Kongo, wanayajua tayari: wategaji wa Kinande na Kimbuba, na zaidi yao Wambuti. Kama hujawahi kutega, usiende dukani kwanza. Nenda kwa mzee wa namna hiyo, ukae naye jioni mbili tatu, umwombe mtembee pamoja kando ya shamba.

Msitu wetu una historia yake na mtego huu. Mwaka 1900 Harry Johnston, aliyekuwa akiisimamia Uganda kwa niaba ya Uingereza, alivuka mto Semliki akimtafuta mnyama ambaye Wambuti walimweleza habari zake. Alifika kituo cha Mbeni, ndiyo Beni yetu, na maofisa waliokuwa pale wakamwambia kwamba mnyama huyo wanamjua, kwani askari wao huletewa nyama na ngozi yake. Johnston alirudi bila kumwona. Baadaye Karl Eriksson, ofisa wa kituo kile, akamtumia ngozi nzima na mafuvu, na mwaka 1901 wataalamu wa London wakampa okapi jina la kitaalamu lenye jina la Johnston ndani yake. Ikapita zaidi ya miaka mia moja bila mtu yeyote kumpiga picha okapi akiwa huru porini. Picha ya kwanza ilipatikana mwaka 2008 katika hifadhi ya Virunga, kwa kamera zilizotegwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa mazingira asilia, pamoja na Jumuiya ya Wanazuolojia ya London. Hakuna mpiga picha aliyekuwepo. Kamera ilikuwa imefungwa kwenye mti, okapi akapita. Kwa kulinganisha mistari ya mapaja, ambayo kila okapi ana yake, walitambua kuwa waliopita ni watatu tofauti.

Usitarajie okapi nyuma ya kakao yako. Nimeieleza habari hiyo ili ujue kwamba picha ya kwanza ya mnyama yule akiwa porini ilitoka kwenye jimbo letu la Kivu Kaskazini, kwa kifaa ambacho leo unaweza kukishika mkononi.

Sasa nizungumzie jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwingine haina. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka Beni, Oicha, Eringeti na huku kwetu, pori si mahali pa matembezi. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haihusu picha: kamera iwe mahali ambapo bado unasikia jogoo wa kijijini akiwika. Usipomsikia, umekwenda mbali mno. Usifuate kijia hata kama nyayo ni mbichi na moyo unakusukuma. Usiende peke yako, usiende jioni, na siku ambayo majirani hawakwenda mashambani, wewe pia usiende. Kamera itakungoja. Mimi yangu iliwahi kukaa wiki saba bila kuguswa kwa sababu hali haikuwa nzuri, na kadi inayohifadhi picha ilikuwa salama.

Kanuni ya pili: watu wajue. Kifaa cha rangi ya majani kilichofungwa kwenye mti, chenye jicho la kioo, kinaweza kumtisha mtu yeyote katika nchi yenye vita, na mwanajeshi wa doria ana haki ya kujiuliza kimewekwa na nani. Nenda kwa chifu wa mtaa na kamera mkononi, mwonyeshe inavyofanya kazi, mpige picha yeye mwenyewe akipita mbele ya kamera ili acheke. Mwombe akufikishe kwa wenye kulinda usalama wa eneo. Pata karatasi yenye saini. Kama shamba lako linakaribia mpaka wa Virunga, ongea na ICCN kabla ya kufunga chochote. Ndani ya hifadhi usifunge kabisa bila idhini yao. Halafu waambie jirani zako, na hasa akina mama wanaopita huko kutafuta kuni. Kamera isiangalie njia ya watu wala mahali pa kuogea mtoni. Ukikuta sura za watu kwenye kadi, ujue umetega vibaya: hamisha kamera, na picha zile usimtumie mtu yeyote, hata kwa utani kwenye simu.

Kuna kishawishi kimoja nakusihi ukishinde. Kakao yetu inaibiwa, kila mtu anajua, na mwenye kamera huanza kufikiri kwamba angeweza kumnasa mwizi. Usifanye hivyo. Mwizi akiona kwamba amepigwa picha hatakimbia kamera, atakuja kuitafuta picha, na picha iko nyumbani kwako. Kamera ya wanyama ibaki ya wanyama, na kila mtu kijijini aamini hivyo.

Kuhusu kununua, sitakaa sana. Kamera hizi huja na wafanyabiashara wa Butembo au hupitia mpakani Kasindi kutoka Kampala, na nyingi zinafanana ndani hata kama majina ya nje ni tofauti. Tazama mambo matatu. La kwanza ni mwanga wa usiku. Kamera huangaza kwa infraredi; zile za nanomita 850 zinaonyesha wekundu hafifu taa zinapowaka, zile za 940 hazionekani kabisa. Huku kwetu chukua ya 940, ingawa picha zake za usiku zina giza zaidi, kwa sababu kitu kinachowaka wekundu gizani hakifai kuwepo mahali penye watu wenye wasiwasi. La pili ni wepesi: tangu mnyama atokee hadi picha ipigwe isizidi nusu sekunde, la sivyo utakusanya mikia. La tatu, iwe inatumia betri za kawaida za tochi, zile ndogo za AA. Betri ndizo zitakazokugharimu kuliko kamera. Za lithiamu hudumu miezi mingi hata kwenye unyevu. Za bei ya chini zinazouzwa kwa mafungu niliwahi kuziweka nane, zikafa kabla ya siku kumi, moja ikavuja ikaunguza vyuma vya ndani. Kamera zinazotuma picha kwa mtandao wa simu ziache.

Elewa pia jinsi jicho lake linavyofanya kazi, utatega vizuri zaidi. Kamera haimwoni mnyama kama tunavyomwona. Ina kihisi kinachosikia joto linalosogea, tena joto lililo tofauti na la mahali penyewe. Ndiyo maana panya mdogo mwenye damu ya moto huiamsha na nyoka mkubwa akapita bila picha. Ndiyo maana pia saa saba mchana, jua likiwa limechoma udongo, inaweza kulala, na jani pana la mgomba lililopashwa na jua likitikiswa na upepo linaweza kuipigisha picha mia tatu. Kihisi kinashika vizuri zaidi kitu kinachokatiza mbele yake kuliko kinachokuja moja kwa moja. Basi usiielekeze kamera kwenye urefu wa kijia kama bomba, wala usiikabilishe na kijia kiubavu kabisa, maana mnyama atakatiza kwa hatua mbili awe amekwisha. Ielekeze mshazari.

Urefu ndio kosa la wengi. Mtu anaifunga kamera usawa wa kifua chake kwa sababu ndipo mikono inapofika bila kuinama, halafu anapata picha za migongo. Mnyama wa nyuma ya kakao ni mdogo. Funga sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mita tatu au nne kutoka kijia. Mzee wangu hakutumia kipimo. Alipiga goti mbele ya mti, akaweka ngumi mbili juu ya goti, akasema hapa ndipo macho yake yalipo. Mti uwe mnene kiasi cha paja, usiotikisika kwa upepo. Kati ya kamera na kijia kata nyasi na matawi yanayocheza, lakini kijia chenyewe usikiguse, usikifagie, usikinyooshe. Mnyama anakijua kama wewe unavyoijua nyumba yako gizani.

Mbau iko kaskazini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua letu linachomoza na kuzama bila kuyumba sana mwaka mzima. Kamera itazame kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki, kila alfajiri, saa ile ile ambayo kanga wanatoka, utapata picha nyeupe tupu.

Ukimaliza kufunga, jaribu. Washa, kisha tambaa mbele yake kwa mikono na magoti, polepole, kama mboloko, yule paa mdogo wa msituni, anavyopita, sio kama binadamu anayepunga mkono. Toa kadi, itazame kwenye simu kwa kile kisoma-kadi kidogo kinachochomekwa penye chaji. Kichwa chako kikiwa katikati ya picha, sawa. Kikiwa kimekatwa, weka kijiti nyuma ya kamera juu au chini mpaka ikae. Panga picha tatu mfululizo kila inapoamka. Na usisahau saa: weka saa ya Beni, sio ile iliyotoka nayo kiwandani, na kumbuka kwamba kamera ikiandika 02:14 kwetu ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Nimeona daftari nzuri zikiharibika kwa kuchanganya hesabu hizo mbili.

Maadui wa kamera hapa ni maji na sisimizi. Mvua yetu hupungua kidogo Januari na Februari, kisha Juni na Julai, na hiyo ndiyo miezi ya kuanzia kwa mgeni wa kazi hii. Miezi mingine ingiza ndani ya kamera vifuko vile vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au mchele uliokaangwa ukakauka, uliofungwa kwenye kitambaa. Ubadilishe kila unapotoa kadi. Futa mpira wa mlango wa kamera kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga. Juu ya kamera gongomea kipande cha gome kiwe kama ukingo wa paa. Sisimizi hupenda tundu la chini na joto la betri. Ziba kila tundu usilolitumia, na mkanda wa kufungia kamera upake mafuta mazito ya gari mahali unapogusa mti. Mawese usiyatumie: yanawaita.

Chambo pia usiweke. Najua ndizi mbivu ingeleta kima mbele ya kamera kesho asubuhi. Lakini kima aliyefundishwa kufuata ndizi karibu na nyumba atafuata na mahindi yako, na hatusahau kwamba ugonjwa wa Ebola uliotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018 ulitutesa mpaka tarehe 25 Juni 2020 na kuua watu zaidi ya 2,200. Hatuna haja ya kuwakaribisha wanyama wa porini penye mikono ya watoto. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimkuta mnyama amekufa karibu na kamera, awe kima, mboloko au popo, usimguse, usimsogeze hata kwa fimbo, usimruhusu mbwa. Toa habari kituo cha afya. Na ukitoka kushughulikia kamera nawa mikono kwa sabuni.

Ndege wanahitaji mahali pa namna nyingine. Mwenye kusikia sauti alfajiri hudhani atawapata wote, lakini kamera ya chini hupata ndege wa chini. Yule ndege mkubwa wa buluu mwenye kishungi, hondohondo, kasuku wa kijivu, hao wako juu kwenye matunda. Wasikilize, waandike, kamera haitawafikia. Kwa kanga, kwale na hua, tafuta udongo mkavu wenye vumbi wanapooga, au kichuguu kilichobomoka, au kidimbwi kinachobaki kijito kinapopungua. Sogeza kamera hadi mita mbili, kwa sababu ndege ni mdogo na joto lake ni kidogo. Hapa weka video ya sekunde kumi na tano badala ya picha. Sauti itakusaidia kumtambua. Ukibahatika kukuta siafu wanasafiri, simama mbali utazame kwa macho tu: kuna ndege wadogo wa kahawia wanaoruka mbele ya msafara kula wadudu wanaokimbia, na siafu hawakai mahali pamoja muda wa kutosha kufunga kamera. Wala usingependa kuifunga.

Manyoya unayookota chini yaweke kwenye daftari pamoja na tarehe. Mwaka 1913 James Chapin, Mmarekani, aliona unyoya kwenye kofia ya mtu katika msitu wa Ituri, hakuujua, akautunza. Ndege mwenyewe alikuja kumkuta zaidi ya miaka ishirini baadaye, amejazwa pamba ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji, amebandikwa jina lisilo lake. Ndiye tausi wa Kongo, aliyetangazwa kwa wataalamu mwaka 1936.

Na picha usiyoielewa usiifute. Mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa, Tanzania, kamera ya kutega ilipiga picha ya sengi mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na yeyote aliyeandikwa. Watafiti wakamfuatilia, na mwaka 2008 akapewa jina kama spishi mpya. Ndugu yake yuko kwenye misitu yetu, na pua yake ndefu nimeiona mara moja, ikitokea pembeni mwa picha.

Nyuma ya kakao utapata nani? Kwa kawaida panyabuku, nungu, kindi, nguchiro, kanu mwenye madoadoa, mboloko, nguruwe mwitu mara chache, na kima wakishuka. Kazi yenye faida ya haraka ni kujua nani anatoboa matunda ya kakao. Tunalaumu kima kwa kila tundu. Funga kamera mita mbili kutoka mti ulioliwa jana, uiache usiku nne. Mimi nilikuta kima wakija mara moja mchana na panyabuku akija kila usiku, mkia wake mweupe nchani ukionekana kama kamba. Kabla ya kutega vitanzi vya waya ambavyo havichagui na vinavunja mguu wa mboloko, ni vizuri kumjua mshtakiwa.

Katika kuhesabu, usiandike picha hamsini za nungu kuwa nungu hamsini. Watafiti wengi huhesabu picha za aina moja ndani ya nusu saa kuwa mpito mmoja, fanya hivyo. Daftari liwe na safu ya tarehe, saa, mahali, mnyama, na jina lake kwa Kinande, Kimbuba, lugha wanayoitumia Wambuti na Kiswahili. Safu hiyo ya majina ijaze na wazee, kwa sababu watoto wetu waliokulia kambini au mjini kwa ajili ya vita wanamwita kila mwenye manyoya "mnyama" tu.

Mambo mengine yaandike lakini usiyatangaze. Sheria ya uhifadhi ya Februari 2014 inawalinda okapi, sokwe, tembo na wengine, na mwaka 2016 mataifa yaliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu na ya kakakuona wa porini. Wanunuzi bado wapo. Picha ya kakakuona yenye jina la mtaa ikizunguka kwenye simu, mtu atakuja na gunia. Waambie ICCN, mwambie chifu ikifaa, basi.

Yule mzee wa unywele tulimwonyesha kadi ya kwanza jioni, barazani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli. Picha za majani zilikuwa sitini na mbili. Ya sitini na tatu, 02:14, fungo alikuwa amesimama kiubavu, mistari myeusi ya shingo imeonekana wazi, manyoya ya mgongo yamesimama, yuko peke yake. Mzee alilitaja jina kwa lugha yake, nikaliandika, akalitaja tena polepole ili niandike vizuri. Kisha akaniuliza kwa nini miguu imekatwa. Nikasema kamera iko juu kidogo. Akasema alishanionyesha ngumi mbili, mimi nikaweka tatu. Asubuhi tulirudi naye, jogoo bado wakiwika nyuma yetu, tukaishusha.